Kasi Isiyo na Historia

Tarehe 14 Julai 2024, mwendesha baiskeli Mslovenia Tadej Pogačar aliupanda mlima wa Plateau de Beille, kusini mwa Ufaransa, kwa muda unaokaribia dakika 40. Mpando huo una urefu wa kilomita 15.8. Rekodi aliyoikuta ilikuwa ya Mwitaliano Marco Pantani, ya mwaka 1998, na aliipita kwa zaidi ya dakika tatu. Jonas Vingegaard wa Denmark, aliyeachwa siku hiyo na kufika wa pili, naye aliipita rekodi ile ya zamani. Sasa, Pantani ni nani? Ni yule aliyetolewa kwenye mashindano ya Giro d'Italia ya 1999 huku akiongoza, baada ya damu yake kupimwa asubuhi pale Madonna di Campiglio na seli nyekundu kukutwa zimefika asilimia 52, wakati mwisho wa ruhusa ulikuwa 50. Kwa watazamaji wengi hesabu ikawa fupi. Ikiwa mwenye damu nzito alitumia dakika 43, huyu wa dakika 40 katumia nini?

Hesabu hiyo imefika hadi barazani hapa Mikindani, kwa watu ambao Julai yote macho yao huwa kwenye usajili wa Simba na Yanga. Kipande cha video kinapita kwenye simu, kijana anapanda mlima utadhani anashuka, na hukumu inatoka papo hapo: "Huyo kala kitu, kaka." Pogačar hajawahi kukutwa na kosa lolote la dawa za kuongeza nguvu, lakini ukilisema hilo utajibiwa kwamba hata Lance Armstrong alisema vivyo hivyo kabla hajakiri. Na aliyekujibu hakukosea.

Nalichukulia swali hili kuwa letu, si la Wazungu na baiskeli zao za mamilioni. Mwendesha baiskeli aliyeandamwa na shaka kuliko wenzake wote katika miaka ya 2010 alizaliwa Nairobi na kufunzwa na Mkenya. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa nao kila wakivunja rekodi hupokewa kwa maneno yale yale. Kwa hiyo tuanze na saa yenyewe: inasema nini, na inaishia wapi?

Wanaopiga hesabu za kasi hupenda milima, na sababu yake inaonekana kwenye barabara ya kutoka hapa kwenda Mtwara mjini. Asubuhi wachuuzi wa samaki huondoka na baiskeli za Phoenix, tenga au ndoo zimefungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, kilomita kama 10 mbele yao. Penye tambarare, adui wa mchuuzi ni upepo. Ukimpiga kifuani utamwona ameinama juu ya usukani, kidevu kikikaribia kengele. Ukimsukuma mgongoni atapita anapiga mluzi. Anayetaka kujua nguvu zake kwa kutazama mwendo tu atadanganyika, maana upepo hauonekani kwenye saa. Lakini mchuuzi huyo huyo akielekea Newala, juu ya nyanda za Makonde, akafika penye mwinuko mkali, mwendo unakuwa mdogo, upepo haumsumbui tena, na kinachobaki ni uzito: wake, wa baiskeli na wa samaki. Uzito ni kitu cha kupima kwa mizani. Mwinuko umo kwenye ramani. Muda umo kwenye saa. Vitu hivyo vitatu vinatosha kukadiria nguvu.

Tumpigie Pogačar. Plateau de Beille inainuka mita kama 1,250. Kwa dakika 40 hiyo ni zaidi kidogo ya nusu mita kwenda juu kila sekunde. Mtu na baiskeli na nguo, tuseme kilo 73. Kuinua mzigo huo kwa mwendo huo kunadai wati kama 370, na ukijumlisha upinzani wa hewa na wa tairi unafika 430 au zaidi. Gawanya kwa uzito wa mwili wake, unapata zaidi ya wati 6.5 kwa kila kilo, kwa dakika 40. Kijana mwenye afya asiyefanya mazoezi maalumu, akikazana kwa muda huo, akifika wati 2.5 kwa kilo amejitahidi.

Hesabu za namna hii zilianza kwa wenye nia mbili tofauti. Daktari Mwitaliano Michele Ferrari, aliyekuja kufungiwa maisha kwa kuwapa waendeshaji dawa, alizitumia kuwapangia wateja wake mazoezi: mita ngapi za kwenda juu kwa saa. Mfaransa Antoine Vayer, aliyekuwa kocha katika timu ya Festina, akazigeuza kuwa mtego. Alipanga madaraja ya wati kwa mwendeshaji wa uzito wa kawaida: akivuka 410 anatia shaka, akivuka 430 ni muujiza, akivuka 450 si binadamu wa kawaida tena. Ni mpango unaovutia, maana mtu yeyote mwenye saa na ramani anageuka hakimu.

Tatizo lake lilionekana wazi Julai 2015, kwenye mpando wa La Pierre-Saint-Martin, Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi, alipowaacha wenzake. Televisheni ya Ufaransa ilimleta mtaalamu aliyekadiria kwamba Froome alitoa wati 7.04 kwa kilo. Siku chache baadaye timu yake, Sky, ikatoa takwimu za kifaa kilichokuwa kwenye baiskeli: wati 414 kwa dakika 41 na nusu, na baada ya kusahihisha kosa linaloletwa na gia yake ya mbele yenye umbo la yai, wati 5.78 kwa kilo. Mlima mmoja, mtu mmoja, saa moja. Namba ya kwanza inamtoa katika orodha ya binadamu. Ya pili inamweka pamoja na mabingwa wengi wa kawaida. Unaweza kusema timu ilipunguza, au mtaalamu aliongeza. Lakini hata pasipo hila yoyote, ukikosea uzito wa mtu kwa kilo tatu, ukasahau upepo wa mgongoni na kwamba alijificha nyuma ya wenzake nusu ya njia, kosa lako linakuwa kubwa kuliko tofauti iliyopo kati ya mwizi na mtakatifu. Kwa mtu mmoja, siku moja, saa haitoshi.

Kwa kundi kubwa na miaka mingi, mambo ni tofauti kabisa. Hapo saa imekuwa shahidi mzuri kuliko viongozi wote wa mchezo huu.

Tour de France ya kwanza, mwaka 1903, Maurice Garin aliishinda kwa wastani usiofika kilomita 26 kwa saa. Mwaka 2005 Armstrong alimaliza kwa zaidi ya kilomita 41. Katikati kuna barabara za lami, gia, baiskeli nyepesi, na safari iliyofupishwa: Tour ya 1926 ilikuwa kilomita 5,745, za siku hizi ni kama 3,300 au 3,400. Hayo yote ni halali. Lakini miaka ya 1990 kasi ya kupanda milima iliruka kwa namna ambayo lami haielezi. Pantani aliupanda Alpe d'Huez kwa dakika kama 37 na nusu. Mwaka 2011 wa mbele kabisa walitumia zaidi ya dakika 41 kwenye mlima huo huo, wakiwa na baiskeli bora zaidi. Baiskeli imepanda daraja, mwendo umeshuka. Kilichobadilika ni damu.

Figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, kwa kifupi EPO, inayouamuru uboho utengeneze seli nyekundu. Seli nyekundu hubeba oksijeni, na oksijeni ndiyo mafuta ya mpando mrefu. Dawa ya EPO ilitengenezwa kwa wagonjwa wa figo, ikaingia kwenye msafara wa baiskeli mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa karibu muongo mzima haikuwa na kipimo. Mwaka 1997 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilichofanya ni kuweka mpaka wa asilimia 50 ya seli nyekundu: ukivuka unapumzishwa wiki mbili. Wenye akili za haraka wakauona mpaka ule kama ruhusa. Wakajaza damu hadi 49 na kitu wakasimama hapo. Bjarne Riis, bingwa wa 1996, alikuja kukiri mwaka 2007 kwamba alitumia EPO. Kipimo cha kuikamata dawa yenyewe kikaja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2008 ikaja pasipoti ya kibayolojia, inayomfuatilia mtu kwa miaka na kumlinganisha na yeye mwenyewe wa jana. Baada ya hapo ndipo milima ikaanza kuchukua muda mrefu.

Sasa kasi imerudi juu. Vingegaard aliishinda Tour ya 2022 kwa wastani wa kilomita 42 kwa saa, na Pogačar mwaka 2025 akaenda haraka zaidi. Wenye timu wana maelezo, na nisiyapuuze maana mengi ni ya kweli. Zamani mwendeshaji alikula gramu 60 za wanga kwa saa. Sasa amezoeza tumbo kupokea 100 hadi 120, kwa hiyo haishiwi mwishoni mwa siku. Tairi zimekuwa pana na hazipotezi nguvu barabarani. Nguo, kofia na fremu hupimwa kwenye chumba cha upepo. Kambi za milimani zimekuwa sehemu ya ratiba ya mwaka. Kila mazoezi yanapimwa kwa wati, na vijana wa miaka 18 wanakuja wakiwa wameshafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na wa miaka 25. Kwenye Plateau de Beille wenyewe, timu ya Vingegaard iliuchapa mwendo tangu chini kabisa, jambo ambalo wakati wa Pantani halikuwa la kila siku.

Ila maelezo hayo yana mpaka, na wanaoyatoa hawapendi kuufikia. Yanatosha kueleza kwa nini kundi zima limeongeza mwendo. Wote wanakula wanga, wote wana tairi pana. Hayaelezi kwa nini mmoja anawaacha wengine. Lakini hilo nalo si ushahidi, kwa sababu katika mchezo wowote kuna anayewaacha wengine. Eddy Merckx, bingwa wa zamani, aliwaacha kabla dawa ya EPO haijatengenezwa. Na katikati ya dawa na mazoezi kuna eneo la kijivu linalozidi kupanuka. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba baadhi ya timu kubwa zina mashine za kuvuta hewa ya kaboni monoksaidi kwa kipimo. Hiyo ni ile sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Timu zilisema ni ya kupimia wingi wa damu tu. Wanasayansi wakasema ikirudiwa mara nyingi inaweza kuuhadaa mwili utengeneze seli nyekundu zaidi. Februari 2025 UCI ikapiga marufuku kuivuta nje ya mazingira ya kitabibu. Waliokuwa wakiivuta kabla ya hapo hawakuvunja sheria yoyote.

Kitu kingine kinachosahaulika barazani ni nani hasa aliyewahi kuzifunga kesi hizi. Ukipitia kesi kubwa moja moja, saa haimo miongoni mwao, na kipimo cha mkojo kimo mara chache kuliko unavyodhani. Kashfa ya Festina ya 1998 iliibuliwa na maofisa wa forodha mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji, waliposimamisha gari la mfanyakazi wa timu, Willy Voet, wakakuta shehena ya dawa. Mwaka 2006 polisi wa Hispania ndio walioingia kwa daktari Eufemiano Fuentes na kukuta mifuko ya damu. Mwaka 2019 mtandao wa daktari Mjerumani Mark Schmidt ulianguka baada ya mteja wake mmoja, mwanamichezo wa kuteleza kwenye theluji kutoka Austria, kuzungumza kwenye televisheni. Na Armstrong, aliyeshinda Tour de France mara saba mfululizo, aliangushwa mwaka 2012 na ushahidi wa watu, wakiwemo 11 waliowahi kuwa timu moja naye. Vipimo mamia alivipita. Januari 2013 akakiri mwenyewe.

Saa ilikuwa imeshasema kuhusu zama hizo zote. Waliosema kuhusu mtu mmoja mmoja ni forodha, polisi, na wenzake waliochoka kunyamaza.

Tuje kwa Froome, maana kwake mambo haya yote yanakutana.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa kijana mdogo alijiunga na vijana wa David Kinjah, mwendeshaji wa rasta ndefu aliyekuwa na kambi yake ya Safari Simbaz huko Mai-a-Ihii, Kikuyu: nyumba ya mabati, baiskeli za kuunga unga, safari ndefu za kwenda vilima vya Ngong na kurudi. Aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, Melbourne, akabadili leseni kuwa Mwingereza mwaka 2008. Tour yake ya kwanza, mwaka huo huo, hakuwemo hata kwenye 80 bora. Miaka mitatu ikapita bila kitu cha kutetemesha. Kisha kwenye mashindano ya Vuelta a España ya 2011, mkataba wake na Sky ukiwa ukingoni, akaibuka wa pili, na kuanzia hapo ikawa Tour nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Ulaya iliuliza: alikuwa wapi siku zote? Jibu lake lilikuwa kichocho. Alisema vipimo vilionyesha ana vimelea hivyo, alivyovipata Afrika, vikimla seli nyekundu bila yeye kujua, na kwamba alitibiwa zaidi ya mara moja. Baadhi ya waandishi wa Ulaya walilipokea jibu hilo kama hadithi ya ajabu kutoka nchi za mbali. Kwetu pwani hakuna cha ajabu. Watoto wetu wa shule hupangwa foleni kumeza vidonge vya prazikwanteli, na mzazi yeyote anajua mtoto mwenye kichocho anavyochoka na kusinzia darasani. Hapo Froome ana haki ya kusikilizwa kuliko alivyosikilizwa. Lakini tusimpe zaidi ya haki yake: kwamba ugonjwa upo na unachosha hakuthibitishi kwamba dawa yake ndiyo iliyomtoa kwenye kundi la kati na kumpeleka jukwaani. Ni maelezo yanayowezekana. Hayapimiki tena.

Na hapo ndipo penye kiini cha shauri lake lote. Mwingereza au Mfaransa wa umri wake, aliyeingia chuo cha baiskeli akiwa na miaka 15, ana jalada: mapafu yalipimwa lini, uzito ulikuwa ngapi, damu ilikuwaje. Froome alikua mahali ambapo hakuna aliyempima. Alipotakiwa aonyeshe kwamba uwezo wake si wa jana, ikabidi itafutwe karatasi ya mwaka 2007, ya kipimo alichofanyiwa kwenye kituo cha UCI huko Aigle, Uswisi, alipopelekwa kama kijana kutoka Afrika. Karatasi ilionyesha uwezo wa kutumia oksijeni wa 80.2, akiwa na kilo 75.6. Mwaka 2015 alipimwa tena London: 84.6, kilo 69.9. Ukizichukulia namba hizo kama zilivyo, injini ilikuwapo tangu mwanzo na kilichopungua ni mzigo. Lakini ile ya 2007 ilikuwa nakala ya faksi, na wapo waliotilia shaka hata faksi yenyewe. Mwaka ule wa 2015, karatasi haijatolewa hadharani, mtazamaji mmoja alimmwagia mkojo barabarani huku akimwita mtumia dawa.

Kisha likaja la salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta kwa pampu. Septemba 2017, katika Vuelta aliyoishinda, mkojo wake ulikutwa na nanogramu 2,000 kwa mililita, mara mbili ya kiwango cha ruhusa. Baada ya kusahihisha ukolezi wa mkojo ikawa 1,429, na Julai 2018 UCI ikamfutia shauri kwa kuafikiana na wakala wa dunia wa kupambana na dawa za kuongeza nguvu, WADA, bila adhabu. Waitaliano wawili kabla yake hawakuwa na bahati hiyo: Alessandro Petacchi, aliyekutwa na 1,352 mwaka 2007, alifungiwa mwaka mmoja, Diego Ulissi, aliyekutwa na 1,900 mwaka 2014, miezi tisa. Inawezekana sayansi ya salbutamoli iliiva katikati hapo na wao ndio walioonewa. Inawezekana pia kwamba mwenye mawakili na wataalamu wa kulipwa hupata sayansi iliyoiva mapema. Mimi nadhani yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Jambo moja zaidi kuhusu Vuelta ile ya 2011. Aliyemshinda Froome siku zile, Juan José Cobo, alivuliwa ubingwa mwaka 2019 kwa dosari zilizoonekana kwenye pasipoti yake ya kibayolojia, na Froome akapewa taji miaka minane baadaye. Nani alikuwa na kasi ya kutia shaka mwaka 2011? Macho yote yalikuwa kwa kijana wa Nairobi aliyeibuka ghafla. Damu iliyoharibika ilikuwa ya mwingine.

Kwenye riadha hali ni hiyo hiyo, isipokuwa saa inaumiza zaidi kwa kuwa hakuna baiskeli ya kusingizia. Kuna viatu vya kaboni tu. Oktoba 13, 2024, Ruth Chepng'etich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56. Rekodi ya dunia ya wanawake ikashuka karibu dakika mbili kwa siku moja, na muda bora wake mwenyewe zaidi ya dakika nne. Siku hiyo hiyo mwandishi mmoja wa Marekani akamuuliza, mbele ya watu, atawaambia nini wanaosema haiwezekani. Kenya ilikasirika, na shirikisho la riadha likamtetea hadharani. Machi 2025 mkojo wake ukakutwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, hidroklorothiazidi, inayoweza kutumika kuficha dawa nyingine: nanogramu 3,800, wakati kiwango cha chini cha kuripotiwa ni 20. Oktoba akafungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago ipo palepale, kwa sababu iliwekwa kabla ya sampuli hiyo.

Je, mwandishi yule alikuwa na haki? Swali lake lilikuwa la haki siku ile ile, na lingebaki la haki hata kama Chepng'etich asingekutwa na kitu. Waliokosea ni waliodhani kumuuliza Mkenya ni kumtukana Mkenya. Kenya yenyewe inajua hali yake: Rita Jeptoo mwaka 2014, bingwa wa Olimpiki Jemima Sumgong mwaka 2017, Asbel Kiprop baada yake, wote EPO, na zaidi ya 100 wengine kwenye orodha ya waliofungiwa. Mwishoni mwa 2022 serikali ililazimika kuahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano ili nchi isifungiwe yote kwa pamoja. Katika mazingira hayo mwenye rekodi safi ndiye anayeathirika zaidi. Mkimbiaji Sabastian Sawe alilielewa hilo. Kabla ya marathoni ya Berlin 2025 aliomba mwenyewe apimwe zaidi ya kawaida; mdhamini wake, Adidas, akatoa dola 50,000, na kitengo cha maadili cha riadha kikampima mara 25 kwa muda wa miezi miwili. Alishinda kwa 2:02:16. Ni busara, na ni huzuni kidogo, kwamba mtu anunue risiti ya usafi kabla hajakimbia.

Linganisha na Alphonce Simbu wetu. Septemba 15, 2025 alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo kwa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, picha ndiyo iliyoamua. Hakuna aliyenong'ona. Sababu moja ni saa: joto lilikuwa kali na muda wa kawaida. Sababu nyingine ni miaka: wa tano Rio 2016, shaba London 2017, wa pili Boston Aprili 2025. Ukiichora safari yake ni ngazi yenye vipandio vya kawaida. Shaka haikupata pa kushika.

Ndiyo maana nasema mwendo wa haraka wenyewe si tatizo. Tatizo ni mwendo wa haraka usio na historia nyuma yake, na katika baiskeli, Afrika Mashariki tunazalisha wa aina hiyo kwa mazingira yetu. Pasipoti ya kibayolojia ni lazima kwa timu za daraja la kwanza na la pili la dunia. Kijana anayeendeshea timu ya taifa kwenye Tour du Rwanda, mashindano yaliyo kwenye kalenda ya UCI tangu 2009, anaweza kupimwa akishinda hatua, lakini miaka yake ya kukua haimo popote. Valens Ndayisenga aliishinda 2014 na 2016, Joseph Areruya 2017. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France 2024 na kuvaa jezi ya kijani, alipitia Aigle kama Froome; kwa wengi wa wenzake, kituo hicho cha Uswisi ndicho mahali pa kwanza mtu kuandika namba zao. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika Afrika, na Pogačar akatwaa taji la barabarani. Barabara tunazo, mashabiki tunao. Wa kutunza daftari hayupo.

Na Tanzania hata huko hatujafika. Kanda ya Ziwa ina vijana wanaoshindana kwa baiskeli zile zile za kubebea mkaa. Akitokea mmoja akapelekwa Ulaya na kupanda mlima kwa dakika 40, ataulizwa alichoulizwa Froome, bila faksi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji Uswisi. Damu kamili, ile wahudumu wanayoiita FBP, inapimwa kwenye hospitali za mikoa, Ligula hapa Mtwara ikiwemo, na majibu yake yana hemoglobini na kiwango cha seli nyekundu, namba ile ile iliyomtoa Pantani kwenye Giro. Haiwezi kuwa pasipoti rasmi, kwa sababu pasipoti inadai sampuli zisizotangazwa na mnyororo wa ulinzi toka mkononi hadi maabara. Lakini kijana aliyepimwa damu, mapafu na uzito mara mbili kwa mwaka tangu ana miaka 16, karatasi zikiwa na tarehe na mhuri, na chama chake cha mkoa kikitunza nakala, atakuwa na jibu siku saa itakapomsema. Na kama ni mwizi, karatasi hizo hizo zitamuumbua mapema, kabla hajafika kwenye mlima wa kutazamwa na dunia nzima.